Udongo wa Ng'ambo Mbili

Paukwa?

Pakawa.

Mmekaa vizuri?

Tumekaa.

Mwenye kikohozi na akohoe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma.

Hapo zamani za kale, mbali huko mashariki, katika nchi za Wamalei, palikuwa na mlango mwembamba wa bahari. Upande huu wa maji palikuwa na Rasi. Upande ule palikuwa na Kisiwa Kikubwa. Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba hata jogoo akiwika Rasini, majogoo wa Kisiwani walimjibu.

Wanyama wa Rasini na wanyama wa Kisiwani walikuwa ndugu. Kila kima wa huku alikuwa na shangazi kule. Kila nyati wa kule alikuwa na mjomba huku. Huku na kule walipika nyama kwa tui la nazi mpaka tui likakauka. Huku na kule walijifunga nguo zilizochorwa kwa nta. Huku na kule walipiga ngoma za namna moja, na bibi harusi aliimbiwa nyimbo zilezile. Wazee walikuwa wakisema, sisi ni shina moja la mchaichai, majani tu ndiyo mengi.

Wanyama hao walikuwa na desturi yao ya kuamkiana. Mdogo ndiye aliyeanza. Aliinama mbele ya mkubwa mpaka pua yake ikagusa udongo, na mkubwa akaitikia, "Marahaba." Pasipo hivyo hapakuwa na mazungumzo. Na ukishamwamkia mwenzako kwa pua, huwezi tena kumdhuru, maana udongo umeshuhudia.

Basi, mfalme wa Rasini alikuwa chuimilia, jina lake Belang. Mfalme wa Kisiwani naye alikuwa chuimilia, jina lake Loreng. Mama yao alikuwa mmoja, na aliwazaa siku moja. Mkunga aliyewapokea alikufa bila kusema ni yupi aliyetangulia. Mama yao alipokuwa hai haikuwa taabu, kwa kuwa wote wawili walimwinamia yeye. Lakini mama akafa.

Walikutana mazishini. Belang akasimama shingo imekakamaa, akingoja ndugu yake ainame. Loreng akasimama shingo imekakamaa, akingoja ndugu yake ainame. Jua likapanda, wamesimama. Jua likafika utosini, wamesimama. Jua likateremka, wamesimama. Chakula cha matanga kikachacha vyunguni. Mwishowe kila mmoja akageuka akaenda kwake, na hapakuwa na aliyempa mwenzake hata pole.

Tangu siku hiyo wakaanza kupigana marufuku. Belang akasema nyama ya tui ni ya Rasini, wale wameiiba, na chungu kisivuke maji. Loreng akasema ngoma ni za Kisiwani, wale wameziiba, na ngoma isivuke maji. Halafu, siku hiyohiyo, kila mmoja kwake, wakasema udongo nao usivuke, hata ule wa chini ya kucha. Kenge wakawekwa pwani zote mbili kuwa walinzi. Na sheria ilikuwa moja kwa wote wawili: hakivuki kitu mpaka yule mdogo aje kuamkia.

Raia nao wakafuata wakubwa wao. Rasini walisema, "Wa Kisiwani ukiwaazima moto, kesho watakuambia moshi ni wao." Kisiwani walisema, "Wa Rasini hata kivuli chao wamekiazima kwetu, na hawajakirudisha."

Katikati ya ugomvi huo alikuwapo kakakuona mmoja jike, jina lake Melur. Alizaliwa Kisiwani, akaolewa Rasini kabla ya marufuku. Alikuwa na haya sana. Akisemeshwa na wakubwa, alijikunja akawa kama nazi, magamba nje, uso ndani. Mama yake mzazi alikuwa akimtania kwamba mumewe atamjua kwa mgongo tu, uso atausikia kwa watu.

Melur akapata mtoto wake wa kwanza. Kama mnavyojua, mtoto wa kakakuona hubebwa juu ya mkia wa mama yake. Na kwa kakakuona wa nchi zile, mtoto hakushushwa ovyo. Ilikuwa lazima uletwe udongo wa kwao mama na udongo wa kwao baba, uchanganywe na maji kwenye sinia. Hapo ndipo mtoto alipokanyaga chini mara ya kwanza na kupewa jina. Akikanyaga udongo wa upande mmoja tu, upande wa pili ulimkana. Hakuwa na bibi huko, hakuwa na mjomba, na akipita njiani hakuitikiwa salamu yake.

Udongo wa Rasini ulikuwapo. Udongo wa Kisiwani uko ng'ambo, na ng'ambo pamefungwa.

Siku zikapita. Mtoto akazidi kuwa mzito, mkia wa Melur ukauma. Maziwa yakaanza kupungua. Na mvua kubwa zilikuwa zinakaribia. Mvua kubwa zikinyesha, mchwa hushuka chini sana, na kakakuona mdogo ambaye hajajifunza kuchimba kabla ya hapo hafiki mvua za pili. Melur alilijua hilo. Alikuwa na dada aliyechelewa kushushwa, na hakumwona akikua.

Asubuhi mtoto akamuuliza, "Mama, nishuke?"

Melur akamjibu, "Bado, mwanangu. Udongo haujatimia."

Basi akajikaza, akaenda kwa Belang. Alipanda kilima cha mfalme, mtoto mkiani. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima: naomba konzi moja tu ya udongo ivuke, mfalme wangu, konzi moja tu. Alipofika mbele ya yale macho ya manjano, maneno yote yakapotea. Akabakiza moja, "udongo," na hilo nalo alilisema chinichini.

Belang alipoelezwa shida yake na wanyama wa barazani, alicheka. Akasema desturi ya kumkanyagisha mtoto udongo ni ya Rasini tangu dunia iumbwe, wale wa Kisiwani waliiiga, na wameiga vibaya. Udongo wa Rasini peke yake unatosha. Akitaka wa ng'ambo, basi akamwambie Loreng aje kwanza aamkie mkubwa wake.

Melur akajikunja, mtoto ndani, magamba nje. Kenge wa mlangoni akasema huyu si mgeni, huyu ni mzigo umesahauliwa, akampiga teke. Melur akabingirika kilima chote mpaka chini, na wanyama wa barazani wakacheka.

Alipofunguka, mtoto alikuwa salama kifuani pake. "Mama, nishuke?"

"Bado, mwanangu. Udongo haujatimia."

Siku ya pili akamwendea Kasa. Kasa alikuwa mzee wa baharini, hakuwa raia wa upande wowote, na alimbeba yeyote aliyekubali kulowa miguu. Melur akamwomba amvushe.

Kasa akasema, "Panda, mwanangu. Ila mimi nakuvusha tu. Kuhusu wale wawili usiniulize kitu, nilikuwapo mazishini, miguu yangu inauma mpaka leo kwa kusimama."

Pwani ya Kisiwani, kenge walimkagua. Walimfungua mdomo, wakamkagua kucha, wakamwacha apite. Akafika kwa Loreng. Safari hii alifaulu kusema maneno matano. Aliomba konzi ya udongo wa kwao, kwa ajili ya mtoto.

Loreng naye akacheka, kicheko kilekile cha nduguye. Akasema desturi hiyo ni ya Kisiwani tangu dunia iumbwe, wale wa Rasini waliiiga, na wameiga vibaya. Konzi haitoki. Kama anautaka udongo wa Kisiwani, amwache mtoto hukuhuku, yeye arudi alikoolewa. La sivyo, akamwambie Belang aje kwanza aamkie mkubwa wake.

Melur alimkumbatia mtoto kwa mkia, akajikunja. Kenge wa pale naye akampiga teke. Akabingirika bondeni, akapita kwenye mashamba ya udongo mweusi wa Kisiwani, udongo laini uliotoka kwenye mlima wa moto, mpaka pwani, mpaka miguuni pa Kasa. Huko nyuma alisikia vicheko.

Rasini wakamkagua tena. Mdomo, hakuna. Kucha, hakuna. Kenge akamtania kwamba ameenda kwao kuomba, amerudi mikono mitupu, ndiyo heshima ya Kisiwani hiyo. Melur akashika njia ya nyumbani.

Nyumbani alilala kifudifudi hata chakula hakutaka. Mama Mkwe wake alikuwa mwanamke mkali, mwenye ulimi. Lakini siku hiyo alichukua kijiti akaanza kumkuna mgongo, kama anavyokunwa mtoto. Alipofika chini ya gamba la kwanza, kitu cheusi kikadondoka mkekani. Akainua gamba la pili. Kikadondoka tena. La tatu, hivyo hivyo. Yote yalikuwa yamejaa udongo wa Kisiwani.

Mama Mkwe akaacha kukuna. "Melur," akasema, "hawa wamekupiga teke wakakupa."

Melur akainuka akautazama ule udongo mweusi. Hapo ndipo haya zilipoanza kumwondoka, na mahali pake pakaingia hasira. Haikuwa hasira ya kelele. Ilikuwa ile ya mwanamke anayefunga kanga yake kiunoni kabla ya kuinua jiwe la kusagia.

Mama Mkwe alitaka mtoto akanyage palepale, milango imefungwa, watu wasijue. Melur akakataa. Akasema mtoto akikanyaga kwa kujificha, ataishi kwa kujificha. Akikanyaga, ataonwa na ng'ambo zote mbili.

Usiku ulipita. Kulipokucha akamwita Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa aliyeruka pande zote mbili, kwa kuwa hapakuwa na mlinzi wa hewa. Akamwambia kwamba ana siri nzito. Udongo wa Mfalme Belang na udongo wa Mfalme Loreng umeibwa. Kesho maji yakipwa utakuwa kwenye sinia, pale Fungu la Kati, katikati ya mlango wa bahari. Na atakayetangulia kufika ataubeba wote, wa kwake na wa mwenzake. Akamwomba sana asimwambie yeyote.

Hondohondo akaapa kwa mdomo wake. Kabla jua halijafika utosini, Rasi nzima ilikuwa inajua. Kabla halijateremka, Kisiwa kizima kilikuwa kinajua.

Kesho yake maji yakapwa. Fungu la Kati likatokea, refu na jeupe. Kasa alikuwa amemvusha Melur mapema, pamoja na Mama Mkwe na sinia la shaba, udongo wote umefichwa chini ya magamba yao. Mama Mkwe akamimina udongo mwekundu wa Rasini, akamimina udongo mweusi wa Kisiwani, akatia maji, akakoroga kwa mkono wake. Mwekundu ukaumeza mweusi, mweusi ukaumeza mwekundu. Ikawa rangi moja tu, kama ganda la nazi kavu. Sinia wakaliweka chini mchangani, mbele ya miguu ya Melur.

Belang akaja kutoka Rasini, na raia wake nyuma. Loreng akaja kutoka Kisiwani, na raia wake nyuma. Miongoni mwa wa Kisiwani alikuwapo kakakuona mmoja mzee, anatembea kwa shida. Alikuwa mama yake Melur, na mjukuu wake hajawahi kumwona. Kenge walimzuia asisogee.

Mtoto akanong'ona, "Mama, nishuke?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Wafalme wakasimama pande mbili za sinia, shingo zimekakamaa, kila mmoja akijifanya mwenzake ni hewa. Belang akamuuliza Melur ni nani aliyempa ruhusa ya kuvusha udongo wake. Loreng akauliza vivyo hivyo.

Melur alihisi mgongo wake ukitaka kujikunja. Mifupa yote ilitaka kujikunja. Hakujikunja. Alisimama kwa miguu yake ya nyuma, uso nje, na watu wa Rasini wakaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na macho mazuri.

"Udongo wenu huo hapo," akasema. "Sikatai. Mfalme Belang achukue wa Rasini. Mfalme Loreng achukue wa Kisiwani. Ila kila mmoja achukue wake tu. Mlisema wenyewe hamna kitu chochote cha kushirikiana. Basi atakayebeba hata chembe moja ya mwenzake atakuwa mwizi, na wanyama wote hawa wanatazama."

Loreng akasema hilo ni jambo dogo, udongo wake anaujua hata gizani. Belang akasema wake anaujua hata usingizini.

Wakatazama sinia. Kwa macho, udongo ulikuwa mmoja. Belang akaona Loreng anapinda shingo ili anuse, akaogopa kutanguliwa. Loreng akaona Belang anapinda shingo, akaogopa kutanguliwa. Basi wote wawili wakainama kwa haraka. Wakainama zaidi. Wakanusa, hawakutambua, wakainama zaidi, mpaka pua zao zote mbili zikaingia kwenye udongo, miguuni pa Melur.

Fungu zima likaona, na udongo ukashuhudia.

Na Melur, yule mwenye haya, yule aliyepigwa mateke vilima viwili, akaitikia kwa sauti iliyofika kila mahali:

"Marahaba, wanangu."

Wafalme wakaduwaa, vichwa chini. Halafu kicheko kikaanza. Kilianza kwa Mama Mkwe, kikapita kwa nyati, kikapita kwa kima, hata kenge wakageukia baharini ili wacheke bila kuonekana.

Belang akainua kichwa akanguruma kwamba yeye hakuamkia kiumbe chochote. Melur akamwambia, "Una udongo puani, mfalme."

Loreng akasema atamrarua. Melur akamsogelea hatua moja. "Nawe unao," akasema. "Nirarue, basi. Nimechoka kubingirishwa. Lakini umeniamkia kwa pua mbele ya nchi mbili, na mimi nimekuitikia. Sijawahi kusikia chuimilia wa Rasini wala wa Kisiwani aliyemla aliyemwamkia. Labda wewe utaanza."

Loreng akautazama umati. Hapakuwa na aliyekuwa upande wake. Akaikunja midomo, akafunika meno.

"Na kama hamwezi kuutenganisha," Melur akaendelea, "basi niachieni. Nina kazi nao."

Akageuka. Akamtazama yule kakakuona mzee kule nyuma, akasema mpisheni mama yangu. Kenge wa Kisiwani wakatazamana, wakampisha. Bibi akaja polepole mpaka kwenye sinia, akasimama kando ya Mama Mkwe. Wale wazee wawili hawakuwa wamekutana tangu harusini. Mama Mkwe alimkagua kutoka juu mpaka chini, akamwambia umekonda, mkwe mwenzangu, hawa wa Kisiwani hawakulishi. Bibi akasema afadhali kukonda kuliko kupikiwa na watu wa Rasini. Wakakumbatiana, wanalia.

"Mama," akasema mtoto, "nishuke?"

"Shuka, mwanangu. Udongo umetimia."

Akateremsha mkia. Mtoto akaweka mguu mmoja, akaurudisha, ulikuwa baridi. Akaweka tena. Akaweka wa pili, wa tatu, wa nne. Akasimama anatetemeka katikati ya sinia. Halafu, bila kufundishwa, akaanza kuchimba, matope yakawarukia wafalme mpaka kwenye ndevu. Bibi zake wakampa jina Mekar, na katika lugha ya ng'ambo zote mbili maana yake ni kuchanua.

Mnadhani wafalme walipatana? Hawakupatana. Belang aliwageukia raia wake akasema, "Mmeona wenyewe. Loreng ametangulia kuinama, ameniamkia." Loreng akawageukia wake akasema, "Mmeona wenyewe. Belang ametangulia kuinama, ameniamkia." Hakuna aliyetaka kujifuta pua, kwa sababu pua yenye udongo ya mwenzake ndiyo ilikuwa ushahidi wake.

Hondohondo, ambaye hawezi kukaa kimya, akauliza: je, kama mdogo ameshaamkia, sheria si imekwisha?

Belang akasema naam, mdogo wake ameamkia, sheria imekwisha. Loreng akasema naam, mdogo wake ameamkia, sheria imekwisha. Mama Mkwe alitaka kuwasahihisha wote wawili. Melur akamshika mkono, akamwambia, "Waache, Mama. Kila mmoja na ashinde. Sisi tuvuke."

Maji yakaanza kujaa, wakatawanyika. Siku hiyohiyo kenge wakaondolewa pwani zote mbili. Vyungu vikavuka, ngoma zikavuka, shangazi wakavuka. Mvua kubwa zilipofika, Mekar alikuwa anachimba kichuguu cha Rasini asubuhi, na kwa bibi yake Kisiwani alichimba kingine jioni. Wafalme waliendelea kubishana ni nani aliyeinama kwanza, na nyama ya tui ni ya nani. Walibishana wakiwa wamekaa kwenye mkeka mmoja, wanaila.

Na Melur? Haya zake zilirudi. Lakini kujikunja hakujikunja tena mbele ya mtu, isipokuwa kwa usingizi.

Basi fundisho ni hili. Ndugu wakigombania ukubwa, watoto ndio wanaokosa pa kukanyaga. Na mnyonge asingoje wakubwa wapatane ndipo amlee mwanawe. Amlee palepale, mbele ya macho yao.

Ngano yangu imefika pwani. Iliyo tamu kwenu ichukueni mwende nayo nyumbani. Iliyo chungu niachieni, nitaitafuna mwenyewe.